Msumari wa Bibi Sajenti

Ukitaka kununua kitenge kwa Bibi Sajenti, ilikuwa lazima kwanza uvuke barabara. Wageni wa soko hawakuamini. Mtu ametoka kijijini Kuluba mapema, pesa yake mfukoni, ananyoosha mkono apapase kitambaa, na yule mama anampiga kofi juu ya vidole. Kofi la mzaha, lakini unalisikia.

"Wacha mkono," anamwambia. "Mkono iko na haraka. Nenda simama kule kwa muuza chumvi, angalia kutoka kule. Kama bado inakuita, rudi."

Na walikwenda, jamani. Nimeona wanaume wenye vitambi na simu mbili mbili wamesimama kando ya magunia ya chumvi, mikono nyuma, wakiangalia kitenge kinachopepea kwenye kamba huku bodaboda zikiwapigia honi watoke njiani. Nimeona bibi harusi mtarajiwa akivuka barabara ile mpaka viatu vyake vyeupe vikageuka rangi ya udongo. Wengine walirudi wakasema hapana, nimeona hakinifai, na Bibi Sajenti aliwashukuru kwa furaha kuliko wale walionunua. Mimi niliyekaa ubavuni mwake na cherehani yangu nilikuwa nasaga meno. Mteja akiondoka bila kitambaa, fundi atashona nini?

Huku kwetu West Nile, pembeni mwa Uganda, tukisema bibi ya fulani, tunamaanisha mke wake. Lakini sokoni Koboko hapakuwa na mtu aliyewahi kumtia Sajenti machoni. Alikuwa askari wa zamani, kama wanaume wengi wa familia za Koboko, na serikali waliyoitumikia ilipoanguka na watu wakakimbilia Kongo na Sudani, yeye alibaki nyuma na wenzake na hakuonekana tena. Kaburi hakuna. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kusema nilimwona akianguka, au nilimzika mahali fulani. Mkewe alikuwa bado msichana, ana mimba tumboni. Mvi zilimjaa kichwani na bado watu walimwita kwa cheo cha mumewe, na yeye aliitika kana kwamba mwenye cheo yuko nyumbani amejilaza.

Mimi si ndugu yake. Mimi ni Mkristo wa Adumi, karibu na mji wa Arua, nilifuata kazi Koboko nikiwa kijana, nikapata chumba kilichopakana na ua wake na nafasi ya cherehani iliyopakana na meza yake. Kwa hiyo nilikuwa jirani yake mchana na jirani yake jioni. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita Fundi, na nikimuudhi aliniita "mutu ya Adumi", akilitamka Adumi kama jina la ugonjwa. Tumegombana mara nyingi sana. Na nasema wazi, kuna siku nilikuwa namtazama tu akipanga vitambaa vyake na nasikia hofu kifuani, ile hofu ya mtu aliyeingia msikitini au kanisani akakuta watu wamenyamaza.

Kwa mfano siku ya mwizi. Mwanamke mmoja alichomoa kitenge kwenye kamba akakitia chini ya nguo yake, watu wakamwona, na unajua soko likishapiga kelele ya mwizi. Mawe yalikuwa tayari mikononi. Bibi Sajenti aliinuka pale alipokaa, hakukimbia, akapita katikati ya wanaume wale akiwasukuma kwa kiwiko mpaka akamfikia yule mwanamke.

"Huyu iko mteja yangu," akasema. "Tangu asubuhi amesimama kule kwa chumvi anaangalia. Nyinyi wote hakuna mutu ameangalia kitambaa yangu namna hiyo. Wekeni mawe chini."

Wakaweka. Wanaume wazima, mmoja mmoja, kama watoto waliokutwa wakilamba sukari. Alikichukua kitenge chake, akakikunja, akakirudisha kwenye kamba, na yule mwanamke akapewa ufagio afagie pale mbele mpaka jioni, kisha akapewa chai. Kitenge hakupewa. Bibi Sajenti hakuwa mtu wa hadithi za mahubiri.

Na hapo ndipo unapochanganyikiwa, kwa sababu mama huyuhuyu aliweza kukununia muda mrefu kwa ajili ya beseni. Ukiazima beseni lake la plastiki ukalirudisha na doa, basi umekwisha. Aliuza vitambaa vyenye rangi za kuumiza macho, na mwenyewe alivaa nguo mbili tu zilizopauka, moja ya kazi, moja ya Idi. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, lakini kukiwa na msiba kwa Wakristo alikwenda na kuimba nyimbo zao kwa sauti kubwa kuliko wenyewe. Harusini alilia. Harusi yoyote, hata ya watu asiowajua. Akiona maharusi anatoa kitambaa na kuanza. Lakini habari ya kukimbia, ambayo wazee wengine wa Koboko hawawezi kuisimulia bila sauti kukatika, yeye aliisimulia huku akichambua mchele.

Aliniambia hivi. Walikuwa kundi la wanawake na watoto wakielekea mpakani kwa njia za mashambani. Habari ikaja kwamba mbele kuna watu wanapekua mizigo, na ukikutwa na kitu cha askari, hata mkanda, hata picha, hutavuka. Yeye alikuwa na picha moja, ya studio ya Arua, Sajenti amesimama na kofia yake mbele ya pazia. Hakuwa na nyingine. Wakasimama kwenye nyumba moja kupika uji, akaitoa kifuani akaiweka motoni.

"Niliangalia mpaka ikakwisha," akasema. "Halafu nikakunywa uji. Mimba ilikuwa na njaa." Akatoa punje ya jiwe kwenye mchele akaitupa.

Aliporudi kutoka Kongo na mtoto mgongoni akajenga nyumba ya matofali, mlango mmoja mfupi unaotazama machweo. Ukutani, ule unaotazamana na mlango, akapigilia msumari. Ulikuwa msumari mkubwa wa bati, na haukuwa na kitu. Kuta za nyumba za watu huku zimejaa vitu: kalenda za wanasiasa, picha za mahafali, saa ya Kaaba, vitambaa vya kufuma. Yeye ukuta mweupe na msumari. Ukimuuliza alikujibu, "Iko ya Sajenti," na mazungumzo yakaisha. Niliwahi kutundika koti langu pale siku ya mvua. Sirudii.

Sasa, mtoto. Yule wa tumboni alikua akawa mwanamume mrefu, mrefu kweli, hata mimi nikimpima suruali nilikuwa naongeza kitambaa. Anafanya kazi Kampala katika duka la vipuri vya magari, ana mke na watoto, na kila Idi alikuja nyumbani na sukari na sabuni. Ni mtu mpole. Lakini alikuwa na kidonda kimoja ambacho sisi wote tulikijua: hakuwahi kumwona baba yake, hata kwenye karatasi. Watoto wake walipoanza kumuuliza babu alikuwaje, alikosa la kuwaambia.

Mwaka mmoja alipata dawa yake. Kampala kuna watu wa studio ambao kompyuta zao zinatengeneza mtu. Wakachukua sura yake mwenyewe, wakaipunguzia miaka, wakaivisha kofia na sare ya zamani, wakaweka na nishani kifuani. Akaituma kwenye simu yangu, kwa sababu simu ya mama yake ni ile ya tochi. Akaandika: Fundi, mwonyeshe Mama. Naileta siku ya Idi, kubwa, kwenye fremu ya dhahabu. Ule msumari umesubiri vya kutosha.

Niliiona nikashangaa. Ilikuwa nzuri, kusema ukweli. Nikamsomea Mama ujumbe, nikampa simu, nikamwambia, "Mama, mzee alikuwa kijana wa kuvutia kabisa."

Akaishika simu mbali na uso wake, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Akaangalia muda mrefu.

"Huyu iko mtoto yangu," akasema. "Amevaa kofia."

"Lakini si watafanana, Mama? Damu ni damu."

Alinirudishia simu. Siku ile hakuuza kitu. Jioni alinijia kwenye ua, akakaa juu ya kinu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa ndogo.

"Fundi, ile picha ikikaa pale, mimi kila siku nitaona ile. Asubuhi ile, jioni ile. Mimi niko na kitu kidogo tu ya Sajenti imebaki hapa," akagusa kichwa. "Kidogo sana. Ile uso itakuja kukalia pale, itafukuza. Halafu mimi nitakufa na bwana ya studio."

Nikamwambia amwambie mwanawe kwamba dini imekataza picha za watu ukutani, sheikhe wa mtaa atamuunga mkono na hakuna atakayekasirika. Ilikuwa njia nyepesi, na mimi Mkristo ndiye niliyemfundisha. Alinitazama kwa dharau.

"Nidanganye na dini? Ile picha yake nilikuwa naweka kwa kifua, nilikuwa nabusu. Mungu alikuwa anaona. Leo nitasema Mungu alikataza?" Akasimama. "Mimi nataka kujaza msumari. Mtoto akikuta iko na kitu, hawezi kutoa kitu mama ameweka. Kesho tunaenda Arua."

Tukaenda, kwenye pikapu ya jirani aliyekuwa anapeleka ufuta. Njia nzima hakusema anataka picha gani, na nadhani alikuwa hajui. Arua, nyuma kidogo ya soko, kuna mtu anauza fremu na vioo, mwanamume mwenye miwani na maneno mengi. Alituona akafurahi.

"Karibu, Mama. Nina Makka, nina maporomoko ya maji, nina farasi, nina mlima wa barafu. Nina hii ya mkate na matunda, watu wanaweka chumba cha kulia."

Bibi Sajenti alipita kote. Mbele ya Makka alisimama akasoma dua, akaendelea. Kisha akaona kitu nyuma ya mlango, kimeegemezwa ukutani, mfagio umewekwa mbele yake.

"Ile?"

"Ile si ya nyumba, Mama. Ilitoka kwa Wazungu wa shirika moja, walifunga ofisi wakauza kila kitu mpaka vijiko. Wanaita sanaa ya kisasa. Nyuma wameandika imechorwa zaidi ya miaka mia iliyopita, hii ni nakala tu."

"Ya kisasa, na iko na miaka mia?"

"Ndiyo wanavyoita."

"Basi hata mimi bado ya kisasa," akasema. "Toa nje."

Nikaijua ile sauti. Yule bwana hakuijua, akaanza kuuliza nje wapi, kwa nini, Mama kioo kitavunjika. Nikamshika bega nikamwambia kaka, toa tu, hutashinda. Basi akaisimamisha barazani, na Bibi Sajenti akavuka barabara ya Arua yenye magari yote yale, mimi nyuma yake nikiinua mkono kuzuia pikipiki, akasimama upande wa pili mbele ya duka la simenti, akageuka.

Nami nikageuka. Nilichokiona ni hiki. Karatasi nyeupe iliyochujuka kidogo, rangi ya maziwa yaliyolala. Juu yake kipande cheusi kirefu, kimelala kwa upande, kimepinda kidogo, mtu asingekichora hivyo kama angekuwa na rula nzuri. Chini mstari mwekundu. Pembeni kijipande cha njano, kidogo, peke yake. Basi. Hakuna mtu, hakuna mti, hakuna nyumba. Nilisema moyoni, huyu mzee wa Kizungu alikuwa anajaribu kalamu.

Kisha nikamtazama Bibi Sajenti. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, taratibu, mpaka sikio likakaribia bega, na mdomo ulikuwa wazi kidogo. Watu wakaanza kusimama. Muuza simenti akatoka, akaangalia mama, akaangalia ng'ambo, akaniuliza kwa sauti ya chini kuna nini. Mwanamke mwenye ndizi kichwani akasimama. Pakatokea kundi la watu kando ya barabara, wote wanaangalia kipande cheusi kwenye karatasi nyeupe, na hakuna aliyecheka. Mpaka leo sijui kwa nini hawakucheka.

"Inaniita," akasema. "Twende."

Mwanamke huyu niliyemjua akibishana bei ya sindano hakubishana hata neno. Alifungua kitambaa chake kiunoni akalipa. Yule bwana alipoanza kuigeuza aifunge, akamzuia.

"Hii itasimama namna hii." Akaishika fremu akaiinua, ile ya kulala ikawa imesimama, kipande cheusi kikawa kirefu kwenda juu.

"Mama, hiyo inalala. Ona waya ya kutundikia, iko huku. Aliyechora alitaka ilale."

"Kwake ilale," akasema. "Kwangu itasimama."

Alirudi Koboko ameipakata, imefungwa kwa kitenge. Watu sokoni wakauliza kama tumenunua dirisha. Nikaing'oa ile waya na koleo, nikaifunga upya upande anaotaka, akaitundika mwenyewe. Msumari ule haukutikisika. Sheikhe wa mtaa alikuja kuiona, akaichunguza kwa mikono nyuma, akasema haina roho ndani yake, haina ubaya, ila na yeye anaomba aelezwe ni nini. Wanawake wa jirani walisema ni ramani. Mwingine akasema ni mlango wa bati umeanguka. Bibi Sajenti alicheka na kila mmoja, akawapa chai, hakusahihisha mtu.

Mimi nilimuuliza mara moja tu. "Mama, ile iko nini?"

"Angalia kwanza," akaniambia.

Mwanawe alifika usiku wa kuamkia Idi, akalala kwa rafiki yake, na nikamwona asubuhi yake, baada ya swala, amekuja amebeba fremu ya dhahabu iliyozungushiwa karatasi. Niliitwa kama shahidi, au kama ngao, sijui. Aliona ukuta. Alisimama pale katikati ya sebule na mzigo wake, jasho linamtoka.

"Mama, umeweka nini hapa?"

"Ya Sajenti."

"Hii? Hii ni rangi tu. Watoto wangu nitawaambia babu yao ni mstatili?"

"Toka nje, simama kule kwa mti ya limau, angalia kutoka kule."

"Mimi si mteja wako, Mama." Aliisema kwa upole, na hapo ndipo iliponiuma. "Wewe ulimwona. Ulilala naye nyumba moja, ulisikia sauti yake. Mimi sina kitu. Nimetafuta kitu kimoja tu cha kushika, na hicho nacho unaninyima."

Mwanamke aliyesimamisha mawe ya soko zima akainuka, akaenda kumpakulia mwanawe chakula. Yule mtu akala Idi na sisi, akatusaidia kuosha sahani, akapanda basi kesho yake na fremu yake ya dhahabu. Baada ya hapo alituma sukari na sabuni kupitia kwa watu. Mwenyewe hakuja.

Ukungu machoni ukazidi. Tulimpeleka hospitali, wakasema ni mtoto wa jicho, jicho moja linaweza kusaidiwa, lingine limechelewa. Akasema atafikiri. Meza ya vitenge ilifungwa, na kamba yake nikaitumia mimi kutundikia sare za shule. Mchana alikaa kwenye kiti cha uzi, mgongo ukutani, chini ya ile picha, uso umeelekea mlangoni. Nilidhani anaota jua. Nilikuwa nampelekea uji baada ya kufunga cherehani, tunakaa tunazungumza habari za beseni na watu wabaya. Nilimwandikia mwanawe kwa simu: Njoo. Macho ya Mama yanakwisha. Sikuongeza kitu.

Alikuja siku ambayo sisi wawili tulikuwa tumekaa hivyohivyo, jua limeshuka mpaka limelingana na mlango, mwanga umejaa ndani kiasi kwamba unakunja uso. Mara nyumba ikaingia giza. Mtu amesimama mlangoni. Kwa urefu wake na ufupi wa ule mlango ilibidi ainamishe kichwa upande mmoja, na jua lote lilikuwa nyuma yake, kwa hiyo sura hukuiona, hukuona shati, hukuona chochote ila weusi mrefu, umepinda kidogo, na mwanga mweupe pande zote.

"Mama," akasema, na akainua mguu aingie.

"Simama hapo. Usiingie."

Mguu ukarudi. Nadhani alifikiri anafukuzwa. "Mama, ni mimi."

"Najua iko wewe. Simama."

Nikageuza shingo nikatazama ukutani juu yetu. Kisha mlangoni. Kisha ukutani. Nimekaa na picha ile tangu tuilete, nimeifuta vumbi kwa mkono wangu, na sikuwahi kuiona mpaka dakika ile.

Bibi Sajenti alianza kusema, na machozi yake, yale aliyokuwa akiyamwaga kwenye harusi za watu, yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta.

"Baba yako alikuwa anarudi jioni. Kila mara jioni, na nyumba yetu ilikuwa na mlango mufupi kama hii, inaangalia jua. Mimi niko ndani napika. Naona giza, najua amefika. Alikuwa anasimama kwanza, haingii, anainama kichwa hivyo, anasema, kuna mutu hapa? Na mimi naangalia, sioni macho, sioni pua. Naona yeye. Ile uso ya studio nilichoma, na hii ya kichwa pia imekwisha, mwanangu. Nimetafuta, hakuna. Imebaki hii tu. Na pale Arua nikaikuta nyuma ya mlango na mfagio mbele yake."

Kijana, yaani si kijana, mtu wa mvi za kwanza, hakutikisika pale mlangoni.

"Na ile njano?" akauliza mwishowe.

"Sijui. Kila mutu iko na kitu hatujui."

Kisha akasema, polepole sana, "Mama, sasa mimi ndiye nimesimama hapa. Mimi nitamwona vipi?"

Hilo hata mimi sikuwa nimelifikiria. Bibi Sajenti akageuza uso upande wangu.

"Fundi, toka. Simama kwa mlango. Wewe mtoto, njoo kaa hapa kwa kiti yake."

"Mama, mimi ni mfupi," nikasema.

"Mutu ya Adumi, panda juu ya kinu."

Nikatoka. Tulipishana mlangoni mimi na yule mtu, bega kwa bega, na hakuniangalia. Nikaburuta kinu kutoka uani, nikakigeuza juu chini, nikakipanda nikishika fremu ya mlango. Kichwa kikagonga mbao, ikabidi nikiinamishe upande mmoja. Jua lilinichoma mgongo. Ndani niliwaona wote wawili vizuri kabisa, mwanga wote ulikuwa kwao: mama mkono umeshika mkono wa mwanawe, juu yao ile picha.

Alinitazama. Mwanzoni yule mtu alikunja macho, kama mtu anayetafuta. Halafu akaacha kukunja. Alifungua mdomo aseme kitu, na mama yake akamfinya mkono.

"Usiongee. Angalia kwanza."

Nilitaka kukohoa nikajizuia. Nikakumbuka yale maneno, na sijui nani aliniruhusu, lakini nikayasema kwa sauti nzito kidogo kuliko yangu: "Kuna mutu hapa?"

"Tuko," akasema yule mtu. "Baba, tuko."

Shingo iliniuma, kinu kilikuwa kinayumba chini ya miguu yangu, na sikushuka mpaka jua lilipozama.